Yowe la Bure Lina Sufuria

Kamba ya Matuta Saba ilikuwa na sauti moja tu, vuuu, na watu waliozaliwa chini yake walikuwa hawaisikii tena. Tangu alfajiri ilivuma juu ya mapaa, ikipandisha na kushusha mabehewa kumi na mawili kwenye ubavu wa Milima ya Uluguru, kutoka Tuta la Kwanza penye soko na hospitali hadi Tuta la Saba penye mawingu na mashamba ya stroberi. Umeme wa mlima ulitosha kamba moja tu kati ya mbili. Ikivuma ya abiria, ya behewa jekundu la wagonjwa imelala. Ikiamka ya wagonjwa, abiria wote husimama hewani.

Aliyeamua ipi ivume hakuwa mtu. Lilikuwa Sikio.

Jumatatu hiyo, saa mbili asubuhi, Leokadia Mkude alikuwa kwenye kiti chake katika Chumba cha Kamba, Tuta la Nne, akisikiliza watu wakiita.

"Dharura," alisema mwanamume wa Tuta la Tano. "Nina maandazi ya moto hapa, yanapoa. Nipitishe mbele."

"Asante," lilijibu Sikio kwa sauti yake ya upole. "Wewe ni wa kumi na mbili kwenye foleni."

"Dharura jamani, nimesahau miwani nyumbani."

"Asante. Wewe ni wa kumi na tano."

"Dharura, dharura! Mwalimu anafunga geti!"

Leokadia alitabasamu, akachovya mkate wake kwenye chai. Ndivyo kila asubuhi ilivyokuwa. Kisha ikaja sauti ya mwanamke mzee, ya chini, isiyo na haraka hata kidogo.

"Dharura. Tuta la Sita, nyumbani kwa Modesta. Mtoto ametoka salama, lakini damu ya mama yake haikomi."

"Asante. Wewe ni wa kumi na tisa kwenye foleni."

Mkate ulianguka ndani ya kikombe. Leokadia alisubiri nukta moja, mbili, akiamini Sikio litajisahihisha. Halikujisahihisha. Sheria ya mji ilikuwa imelikataza kuchunguza mambo ya ndani ya watu. Lilipewa neno la wito na mahali lilipotoka, basi. Habari ya damu ilipita kando yake kama upepo.

"Bwana Yesu," alisema Leokadia, akasimama.

Kwenye ukuta kulikuwa na mkono wa chuma uliopakwa rangi nyekundu. Katika miaka mitatu ya kazi hakuwahi kuugusa ila kwa kitambaa cha vumbi. Aliushika kwa mikono miwili, akaning'inia kwa uzito wake wote, ukashuka kwa kishindo.

Vuuu ikakatika.

Kimya kiliuangukia mlima mzima. Watu walitoka nje kuangalia juu, wengine wakiziba masikio kana kwamba kimya ndicho kelele. Halafu filimbi ya behewa jekundu ikalia, na behewa likapanda mbio kuelekea Tuta la Sita, huku kwenye mabehewa mengine watu sabini na watatu wakining'inia na maandazi yao, miwani yao na watoto wao wa shule.

Dakika kumi na moja baadaye muuguzi wa hospitali alipiga simu. "Yupo. Modesta yupo. Dakika nne zaidi, mama, tungekuwa tunaongea mengine."

Leokadia alifanya ishara ya msalaba, akaketi chini sakafuni.

*

"Sabini na watatu," alisema Bwana Kobelo, mwenyekiti wa Baraza la Kamba. "Mmoja wao mimi. Juu ya korongo. Na mimi, dada, unajua ninavyoogopa urefu."

"Najua, mwenyekiti. Pole."

"Si pole. Umefanya vema. Ninachouliza ni kwa nini ilibidi ufanye wewe."

Aliyejibu ni Hidaya Chuma, fundi mkuu wa Sikio, mwanamke mwenye umri wa miaka kama thelathini aliyezungumza upesi kama anayekimbizwa. Alifungua kioo chake cha kompyuta juu ya meza.

"Sikio halina kamusi," alisema. "Mashine ya zamani ilikuwa nayo, na mnakumbuka ilivyowatesa wazee. Mtu akisema neno kwa namna ya kwao, mlango haufunguki. Ndiyo maana mji ukaamua kwamba maana ni ya watu. Sasa Sikio linajifunza hivi: neno likisemwa, linaangalia watu wanafanya nini. Vibao vya njia zetu vinazalisha umeme kwa nyayo, kwa hiyo linajua nani anatembea, nani anakimbia, nani hajainuka. Mtu akisema 'dharura' na watu wakakimbia, uzito wa neno unapanda. Akisema na hakuna aliyegeuza hata shingo, unashuka. Ukifika hamsini kwa mia, kamba inasimama yenyewe."

"Na leo uko wapi?"

"Sita."

Kobelo alipiga mluzi.

"Hakuna aliyelivunja neno kwa makusudi," Hidaya aliendelea. "Mmoja aliwahi kulitumia ili apite mbele, akapita. Wa pili akamwona. Baada ya mwezi, asiyelisema ndiye anayechelewa. Neno lile lile, mdomo ule ule, lakini ndani limebaki kama kibuyu kikavu."

"Nani alianza?" aliuliza Leokadia. Aliuliza kwa hasira. Bado aliisikia sauti ya yule mwanamke mzee wa Tuta la Sita.

Hidaya alifunika kioo kwa kiganja. "Mama Mkude, tuliache hilo."

"Nataka kumjua."

Hidaya akagusa kioo. Ikatoka sauti ya mwanamke anayehema, ya miaka minne iliyopita: *Dharura, tafadhali. Tuta la Tatu. Nishushe haraka.* Nyuma yake zilisikika karatasi za madaftari.

Leokadia aliitambua kabla haijamaliza: ilikuwa yake mwenyewe. Ilikuwa jioni ya mtihani wake wa kwanza wa masomo ya jioni, alipokuwa na miaka arobaini na saba, tena mwenye hofu kuliko watoto wake. Foleni ilikuwa ndefu. Alisema neno moja, akapita watu ishirini. Alifaulu mtihani ule, na cheti alichokipata ndicho kilichompa kiti cha Chumba cha Kamba. Tangu hapo kila Jumapili alimshukuru Mungu kwa kumfungulia njia.

Kobelo alikohoa, akatazama dirishani kwa heshima.

"Dawa ipo," alisema. "Tulifunge neno. Nyinyi wawili kila mmoja ana ufunguo wake wa Sikio, mkizungusha pamoja uzito unarudi kwenye mia. Atakayelitumia vibaya, Sikio halitamsikia siku arobaini."

"Halitamsikia kabisa?" aliuliza Leokadia. "Hata akiwa anakufa?"

"Hata akiwa anakufa," alisema Hidaya taratibu. "Wa kwanza kufungiwa angekuwa Bibi Salome Mlali, Tuta la Pili. Ana miaka themanini na moja. Anaita kila siku saa kumi jioni. Kifua. Muuguzi akifika, kifua kimepona na chai iko mezani."

"Nipeni hadi kesho," alisema Leokadia.

*

Siku ile ile, saa tisa na nusu, alishuka Tuta la Pili kwa miguu. Bibi Salome alikuwa mlangoni amevaa kitenge kilichopigwa pasi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umewahi. Sijaita bado."

Leokadia alishindwa kujizuia, akacheka. Ndani kulikuwa na vikombe viwili vimefunikwa kwa kitambaa cha kufuma. Bibi Salome alimweleza bila aibu. Kifua huanza kweli, mwanangu, kila saa kumi, saa aliyoondoka marehemu mume wangu Ferdinandi. Hukaza, hukaza, na mtu akiingia mlangoni huachia.

"Mtu yeyote?"

"Hata yule wa kusoma mita."

Kabla Leokadia hajajibu, nje kulipasuka yowe.

"Uwiiiii! Uwiii! Nyoka! Njooni, nyoka!"

Hakufikiri. Alishtukia yuko nje, kiatu kimoja mguuni, na Tuta la Pili lote lilikuwa mbioni pamoja naye. Mzee mmoja alikuwa na panga na povu la sabuni kidevuni, mama mwingine ameshika mchi, kijana mwingine amebeba mlango mzima wa banda la kuku. Hakuna aliyeuliza kama ni kweli. Walifika kwenye bustani ya Sikudhani, mwanamke mnene aliyekuwa juu ya pipa la maji akielekeza kidole kwenye mboga.

Mwenye panga alinyemelea, akainama, akakiinua kitu.

"Sikudhani," alisema. "Hiki ni nini?"

"Nyoka."

"Huu ni mpira wako wa kumwagilia."

Kicheko kilivyolipuka, kuku waliruka ukuta. "Muueni asije akamwagilia mtu!" "Shuka kwenye pipa, mama, nyoka wako amekata maji!" Na bila mtu yeyote kuamuru, watoto walishaanza kugonga masufuria wakiimba: "Yowe la bure lina sufuria! Yowe la bure lina sufuria!"

"Najua, najua, acheni kelele," alisema Sikudhani akishuka, uso umemwiva kwa aibu na kicheko. "Mko wangapi? Ishirini na tisa? Mungu wangu! Haya, nani ananiazima mwiko mkubwa?"

Kila mtu wa mlimani aliijua desturi ile. Ukipiga yowe, watu wote wanakuja. Ukipiga la bure, hupigwi, hutukanwi sana, hufungiwi mlango kesho yake. Unawapikia uliowakimbiza. Unawatazama usoni mmoja mmoja ukiwapakulia.

Leokadia alisimama katikati ya mboga na kiatu kimoja.

Yowe hili alilipiga bibi yake. Alilipiga bibi wa bibi yake, kabla ya kamba na kabla ya umeme. Kwa nini halijachakaa? Midomo ni ile ile, na uongo ni ule ule. Lakini neno la Sikio mtu hulitupa hewani akabaki peke yake. Yowe hurudi kwako likiwa na miguu na macho, na mikono iliyoacha kazi yake.

"Halichakai kwa sababu watu wanakuja!" alimwambia mzee mwenye povu la sabuni, akimshika mkono. "Unaona? Wanakuja!"

"Naona, mama," alisema mzee kwa tahadhari. "Kiatu chako kingine kiko wapi?"

Lakini Leokadia alikuwa ameshaanza kupanda ngazi kuelekea Tuta la Nne, na alipanda kama msichana.

*

"Siku tisa," aliwaambia Kobelo na Hidaya, akihema. "Siku tisa tu. Mtu akisema 'dharura', Sikio lilie kwenye nyumba zote za tuta lake. Watu waende. Ikiwa ni bure, apike. Msilifunge."

"Kwa nini tisa?" aliuliza Kobelo.

"Ni novena, mwenyekiti, sala ya siku tisa. Siwezi kuomba kwa chini ya hapo."

Hidaya alikuwa ameshaanza kuandika kwenye kioo chake, midomo ikimcheza. "Linawezekana. Mama, linawezekana! Nyayo ndizo zinazotoa uzito. Wakikimbia, utapanda wenyewe, hatudanganyi mizani hata kidogo."

Kobelo alitembea hadi ukutani, akauweka mkono wake kwenye ule mkono mwekundu wa chuma.

"Sharti moja. Huu nautia kufuli kwa siku hizo tisa. Mkiwa nao mtakuwa mnaokoa watu kwa mkono, na hatutajua kama neno limepona. Uzito ukifika hamsini siku ya tisa, nimeshindwa. Usipofika, mnanipa funguo zenu, na neno linafungwa."

"Na akitokea Modesta mwingine katikati?" aliuliza Leokadia.

"Ndiyo bei ya unachokiomba, dada. Unakubali?"

Alishika rozari mfukoni, akaihesabu punje moja, mbili.

"Nakubali. Na jambo moja zaidi. Mimi nina yowe la miaka minne sijalipikia. Siku ya tisa nitapika."

*

Siku ya kwanza watu arobaini na mmoja walifika mlangoni kwa Fidelis wa maandazi, wawili wakiwa na machela.

"Nani anakufa?" aliuliza wa mbele, akiwa amejishika mbavu.

Fidelis alitazama machela, akatazama sinia lake. "Yalikuwa yanapoa," alisema kwa sauti ndogo.

Alipika wali hadi magharibi. Wiki nzima hakupita mahali bila kuulizwa maandazi yamezikwa wapi, watu waje kuhani. Siku ya pili waliopika walikuwa kumi na wanane, siku ya tatu saba. Siku ya nne mama mmoja wa Tuta la Tano alisema "dharura", akanyamaza, akasema, "Hapana, samahani, nina haraka tu," na Chumba cha Kamba kizima kikapiga makofi. Siku ya tano mtoto alikwama kichwa kwenye uzio, na watu wakafika kabla hajamaliza kulia. Hidaya alikuwa akisoma uzito kila asubuhi kwa sauti kama anayetangaza mpira: kumi na moja! Ishirini na mbili! Thelathini na tisa!

Siku ya sita ukawa arobaini na sita. Siku ya saba, arobaini na saba. Siku ya nane, arobaini na saba.

"Umegota," alisema Hidaya. Furaha ilikuwa imemtoka usoni. "Njoo uone kwa nini."

Kila siku saa kumi Bibi Salome aliendelea kuita. Siku ya kwanza Tuta la Pili walimkimbilia. Siku ya pili Sikudhani alitangaza kwamba bibi hatapika, ataimba, na bibi akaimba nyimbo za Kwaresima hadi watu wakaomba waende kwao. Sasa ikifika saa kumi watu walichukua vikombe vyao na kwenda kwake polepole, wakipiga soga njiani.

"Wanatembea," alisema Hidaya. "Anasema 'dharura', watu thelathini wanatembea. Kila jioni anakula tulichopanda mchana. Mama, mwambie asiite kesho. Siku moja tu. Kesho asubuhi bado tutakuwa arobaini na saba, lakini asipotuangusha jioni, usiku tukipima tutavuka."

"Nimwambie mgonjwa asiite?"

"Si mgonjwa. Ni mpweke."

Leokadia alishuka Tuta la Pili akiomba njia nzima. Alijua alichokuwa anakwenda kufanya. Alikuwa amekataa Sikio lizibwe lisimsikie bibi huyu siku arobaini, na sasa anakwenda kumfunga mdomo siku moja, kwa upole, kwa ajili ya watu wote. Tofauti yake ni nini? Alijiambia kwamba siku moja si arobaini. Alijiambia pia kwamba kuna akina Modesta wengi.

Bibi Salome alimsikiliza hadi mwisho, mikono mapajani.

"Kumbe ninawaharibia," alisema.

"Hapana, bibi."

"Ninawaharibia. Usiogope, mwanangu. Kesho sitaita."

Alimsindikiza hadi ngazini na kumpa ndizi mbili za njiani. Leokadia hakuweza kuzila.

*

Siku ya tisa, Jumatano, alipika kwenye uwanja mdogo wa Tuta la Pili, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na sufuria kubwa kuliko zote. Aliwasimulia wote wazi: jioni ile, mtihani ule, watu ishirini aliowapita.

"Kumbe mama mwizi wa foleni!" alipiga kelele Fidelis, aliyeshuka makusudi kutoka Tuta la Tano. "Na mimi nimepikia watu arobaini kwa dhambi yako!"

"Geuza ugali, mama, unashika chini!"

"Elimu ya jioni haifundishi kusonga?"

Alicheka, jasho likimtiririka, mwiko ukiwa mzito kama mchi. Hata Kobelo alikuja, ameketi kwenye kiti cha kukunja na kioo kidogo mkononi. Kiliandika arobaini na saba tangu asubuhi. Mfukoni mwake kulikuwa na mkebe mtupu wa kutilia funguo mbili.

Juu yao kamba ilivuma, vuuu.

Saa ya kanisani ikagonga saa kumi.

Bila kutambua, watu walipunguza sauti. Wengine waliinua vikombe. Mikono ya Leokadia ilisimama kwenye mwiko. Walisubiri, kama mtu anavyosubiri jirani akohoe ndipo ajue kumekucha.

Hakuna aliyeita.

"Mbona kimya?" aliuliza Sikudhani.

"Amechelewa," alisema mtu.

"Bibi Salome? Bibi hachelewi. Hata siku ya mvua ya mawe aliita."

Dakika moja ikapita. Leokadia alifungua mdomo awaambie: mimi ndiye niliyemkataza, ni mpango tu, kaeni mle. Kabla hajasema alimwona Sikudhani akiweka kikombe chake chini taratibu, akitazama mlango wa bibi mwisho wa njia. Mlango ulikuwa umefungwa. Kitenge cha kupigwa pasi hakikuwepo.

"Uwiiii!" Sikudhani alipasuka, na huku akipiga yowe alikuwa ameshaanza kukimbia. "Uwiii! Bibi! Dharura! Dharura, Tuta la Pili!"

Uwanja uliinuka wote. Viti vilipinduka. Walikimbia wenye sahani mkononi, akakimbia Fidelis, akakimbia mzee wa panga. Leokadia aliuacha mwiko ukiwa umesimama ndani ya ugali, akakimbia, na vibao vya njia vikanguruma chini ya miguu yao kama ngoma. Nyuma yake alimsikia Kobelo akisoma kioo chake huku naye akikimbia, sauti ikimpanda juu kwa kila hatua:

"Arobaini na nane! Arobaini na nane na nusu! Tisa! Jamani, arobaini na tisa! Kimbieni!"

Mkono wa chuma ulikuwa Tuta la Nne, umetiwa kufuli. Leokadia aliujua ulipo kama anavyojua mkono wake mwenyewe, na hapa haukumfaa kitu. Hapa lilikuwapo neno tu, na miguu.

Sikudhani aliusukuma mlango kwa bega. Bibi Salome alikuwa sakafuni kando ya meza, ameshika kifua, midomo ya buluu, macho wazi. Vikombe viwili vilikuwa vimefunikwa mezani.

"Dharura!" walipaza wote, wa mlangoni na wa njiani na wale waliokuwa bado wanakuja. "Dharura!"

Na vuuu ikakatika.

Hakuna mkono ulioigusa. Ilikatika yenyewe, juu ya Matuta yote Saba, na katika kimya kile Leokadia alisikia mambo ambayo hakuwahi kuyasikia mlimani: maji ya korongoni, pumzi za watu arobaini, na mbali kule juu, sauti nyororo ya Sikio kwenye vipaza vya njia.

"Dharura imesikika. Behewa jekundu linakuja. Tafadhali mpeni mgonjwa hewa."

Kobelo aliegemea ukuta wa nje, akautazama mkebe wake, akautupa kwenye mboga za Sikudhani.

*

Ndani ya behewa, muuguzi alikuwa ameshamfunga bibi kinyago cha hewa na kumchoma sindano. Rangi ilianza kurudi midomoni. Leokadia alikuwa amepiga magoti kando yake, unga mikononi hadi kwenye viwiko.

Bibi Salome alisogeza kinyago kwa kidole kimoja.

"Sikuita," alisema. "Niliahidi."

"Nisamehe, bibi. Nilikosa. Nisamehe."

"Kilikuja kweli leo. Nikasema, ngoja, usiwaharibie." Alivuta pumzi. "Nani aliita?"

"Wote. Hukuita, ndiyo maana wakaja."

Behewa lilizidi kushuka na filimbi yake.

"Basi kesho niite, nisiite?" aliuliza bibi.

"Ita," alisema Leokadia. Machozi yalikuwa yanachora mistari kwenye unga wa mashavu yake, na alikuwa anacheka. "Ila useme tu, 'Njooni tunywe chai.' Watakuja, bibi. Watatembea, lakini watakuja. Lile lingine tulitunze pamoja."

Bibi Salome alirudisha kinyago chake. Kisha akakisogeza tena, akanusa.

"Mwanangu, kuna kitu kinaungua."

Leokadia aligeukia dirisha. Juu kule, Tuta la Pili, moshi mwembamba ulikuwa unapanda kutoka uwanja mtupu, penye sufuria kubwa ambayo hakuna hata mmoja aliyebaki kuitazama.

"Ni ugali wangu," alisema. "Acha uungue."